Ukakasi, uchungu, ukali, utamu: mitishamba ya kidonda na tumbo inafanya nini hasa mwilini?

Kila masika yanapoanza, kundi la WhatsApp la mtaa wetu hugeuka zahanati. Safari hii alianza mama mmoja, usiku: "Jamani mwanangu anaharisha tangu jana, nimpe nini?" Hadi alfajiri alikuwa na majibu 14. Majani ya mpera. Mizizi ya mpera. Mwarobaini. Mkaa uliosagwa. Asali na tangawizi. Maji ya mchele. Kidonge ambacho jirani alibakiza mwaka jana. Mmoja akaandika kwa herufi kubwa kwamba asithubutu kumpa mtoto "makemikali ya hospitali", mwingine akamjibu kwa herufi kubwa zaidi kwamba mitishamba ni ushamba, na hapo wawili hao wakaendelea wenyewe hadi kiongozi wa kundi alipowafungia.

Nimeshaona ugomvi wa namna hii mara nyingi, na kila mara naona pande mbili zinagombana juu ya kitu ambacho hakuna upande uliokiangalia: jani lenyewe likifika kwenye kidonda au tumboni linafanya nini? Wanabishana kama mitishamba "inafanya kazi" au "haifanyi kazi", kana kwamba mitishamba ni kitu kimoja. Nami naona tunaweza kuanza na kifaa ambacho kila mtu anacho, yaani ulimi. Ladha ya dawa nyingi za nyumbani inatudokeza kilichomo, na wakati mwingine inatudokeza pia kazi yake inaishia wapi.

Kwanza maneno

Kiswahili kinatuchezea hapa. Neno "dawa" tumelibebesha kila mzigo: dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, na dawa ya kumrudisha mume. Mganga naye ni yule mwenye vibuyu, ilhali Mganga Mkuu wa Wilaya ni daktari mwenye shahada. Mtu akikwambia ametumia dawa ya mganga, bado hujajua alikwenda wapi.

Katika makala haya, mitishamba ni mmea au sehemu yake, iwe jani, gamba, mzizi, mbegu au utomvu, inayotumika kutibu. Tiba ya nyumbani ni ile anayoijua bibi au shangazi, isiyo na malipo wala masharti, ya maradhi madogo. Tiba asili kwa maana ya kisheria ni jambo jingine: Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Muhimbili walianza kitengo cha kuchunguza dawa za asili mwaka 1974, kikaja kuwa taasisi mwaka 1991. Kwa hiyo anayesema wasomi hawaitambui mitishamba amekosea. Anayeamini kwamba kila chupa iliyoandikwa "asili" imepimwa, naye amekosea.

Ninachozungumzia ni tiba ya nyumbani kwa mchubuko, mkato mdogo wa kisu cha jikoni, kuungua kidogo, na tumbo lililochafuka: gesi, kuvimbiwa, kichefuchefu, choo kigumu, kuharisha kwa siku moja au mbili.

Neno "asili" lenyewe lina utani wake. Mwarobaini, ambao pwani ya Kenya huitwa pia mkilifi, ulitoka Bara Hindi. Mpera ni wa Amerika ya joto. Mkorosho ni wa Brazil, uliletwa na Wareno. Karafuu ni ya visiwa vya Maluku, nayo ilianza kupandwa Zanzibar karne ya 19. Tangawizi na manjano ni za Asia. Kabati la "dawa za mababu" limejaa wageni waliokuja kwa jahazi na merikebu. Wala hili haliwashushi mababu hadhi. Walipokea mti mgeni, wakauonja, wakautazama kwa miaka, wakabaki na uliofaa. Wakauonja: tushike hapo hapo.

Ukakasi

Ukiuma bibo, au ndizi mbichi, ulimi hukauka na mashavu huwa kama yanavutwa ndani. Huo ndio ukakasi. Ndani ya mmea kuna kemikali ziitwazo tanini, na tabia ya tanini ni kushikamana na protini. Mate yetu yana protini zinazofanya kinywa kiteleze. Tanini ikizikamata, utelezi huondoka, ukahisi kana kwamba umelamba chaki.

Watu wa pwani waliijua tanini bila kuijua kwa jina. Magamba ya mikoko, hasa ya mkandaa, yalibanduliwa na kupakiwa melini kwenda kutengenezea ngozi. Ngozi mbichi ya ng'ombe ukiiacha inaoza. Ukiiloweka kwenye maji ya magamba, tanini inazikaza protini zake, inakuwa ngozi ya kiatu. Ukikielewa kiatu hicho, umeyaelewa majani ya mpera.

Majani ya mpera, ganda la komamanga, gamba la mzambarau, hata chai ya rangi iliyokolea, vyote vina ukakasi kwa sababu hiyo moja. Kwenye mchubuko, tanini inakaza protini za juu ya jeraha na kuacha utando mwembamba, majimaji yanapungua. Kwenye utumbo unaoharisha inafanya jambo la jamii hiyohiyo: inaukaza ukuta wa ndani, na maji yanayovujia ndani ya utumbo yanapungua. Mpera una la ziada, kwa kuwa majani yake yana pia kemikali inayotuliza mikazo ya utumbo, ule msokoto unaomfanya mtu ajikunje. Huko Mexico waliwapa watu wazima wenye kuharisha dawa ya majani ya mpera iliyotengenezwa kwa vipimo maalumu, na maumivu ya tumbo yalikwisha mapema zaidi. Bibi hakukosea.

Lakini bibi alikuwa anajibu swali la nani? Mara nyingi la mtu mzima aliyekula kitu kibaya arusini. Kuharisha kunapoua, hakuui kwa sababu ya choo. Kunaua kwa sababu ya maji na chumvi vinavyotoka nacho. Fikiria ndoo iliyotoboka. Mpera unajaribu kuziba tundu, na hata ukiziba vizuri hauzibi lote, wala haurudishi tone lililokwishamwagika. Mtoto ni ndoo ndogo: tundu lilelile linammaliza upesi zaidi.

Anayejaza ndoo ni ORS, zile pakiti za kituo cha afya na duka la dawa. Isipopatikana, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta, visiwe vya kilima. Watu huuliza sukari ya nini wakati mtoto anaumwa. Ukuta wa utumbo una milango midogo ambayo chumvi hupitia ikiwa imeshikana mkono na sukari, na maji huzifuata nyuma. Milango hiyo hubaki wazi hata utumbo ukiwa umechafuka. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi. Soda nayo haifai, maana sukari yake ni nyingi kupita kiasi na badala ya kuingiza maji inayavuta yatoke. Shirika la Afya Duniani linashauri pia mtoto apewe zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 akiwa chini ya miezi 6, huku akiendelea kunyonya na kula.

Sasa rudi kwenye yale majibu 14. Maji ya mchele, ambayo wengi waliyacheka, yakitiwa chumvi kidogo yanakaribia ORS kuliko jibu lolote la usiku ule: wanga wa mchele humeng'enywa ukawa sukari polepole. Mkaa uliosagwa ulitokana na kuchanganya vitu viwili. Hospitali zina mkaa maalumu unaotayarishwa kwa ajili ya watu waliokunywa aina fulani za sumu, lakini si mkaa wa jikoni, na si kwa mtoto anayeharisha.

Mtu mzima akinywa kikombe cha majani ya mpera huku anakunywa ORS, sina ugomvi naye. Akinywa badala ya ORS, ninao. Na kuna kuharisha ambako hakutakiwi kukazwa wala kuzibwa nyumbani: kwenye damu, kwenye homa kali, au kule kunakotoka mfululizo kama maji yaliyooshea mchele, ambako ni dalili ya kipindupindu. Hapo ni safari ya kituo cha afya, na mgonjwa anakunywa ORS njiani.

Uchungu

"Dawa chungu ndiyo dawa." Sijui imani nyingine iliyoshika mizizi kama hii. Mmea hutengeneza uchungu ili usiliwe, na ulimi wa binadamu unausikia uchungu hata ukiwa chembe, kwa kuwa sumu nyingi za mimea ni chungu. Kwinini ni chungu na inatibu malaria. Muhogo mchungu nao ni mchungu, na usipoandaliwa vizuri unaua. Uchungu unakwambia kuna kitu kikali humo, haukwambii ni kipi.

Mwarobaini umepewa sifa ya kutibu maradhi arobaini, na sijapata kuiona orodha. Sidhani kama iliwahi kuwepo. Arobaini kwetu ni namba ya ukamilifu: kuna arobaini ya mtoto na arobaini ya msiba. Mti umesifiwa kwa namba ya heshima, kisha vizazi vya baadaye wakaichukua kama hesabu ya duka.

Majani yake yaliyochemshwa ni maji mazuri ya kuoshea upele na michubuko, na maabara zimeonyesha kwamba yanazuia baadhi ya bakteria. Hapa lakini nataka tusimame, maana nusu ya taarifa zinazosambazwa simuni huanza na "wanasayansi wamethibitisha inaua bakteria". Kuua bakteria kwenye kisahani cha maabara si kazi kubwa. Maji ya betri yanaua bakteria. Kazi ni kuwaua bila kumuumiza mwenye mwili, na dawa kufika ikiwa na nguvu ya kutosha mahali ugonjwa ulipo. Juu ya ngozi swali hilo lina jibu jepesi: umeyamwaga hapo hapo. Ukiyanywa, yanapita tumboni, yanapita kwenye ini, yanagawanyika mwili mzima, na hujui kilichofika.

Tena mti mmoja si dawa moja. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yana nguvu nyingine kabisa. Kemikali yake moja hutumika kuulia wadudu mashambani. Watoto wadogo waliopewa mafuta hayo kwa kijiko wamewahi kupata degedege, na wengine wamekufa. Mjamzito naye asinywe mwarobaini wa aina yoyote.

Mfano unaonifurahisha zaidi ni mshubiri, kwa sababu ndani ya jani moja kuna dawa mbili zenye tabia tofauti kabisa. Kata jani la mshubiri uliopandwa nyumbani, lisimamishe sehemu iliyokatwa ikiangalia chini. Baada ya dakika kadhaa utaona utomvu wa manjano unachuruzika. Huo ndio shubiri yenyewe, ile iliyotupa msemo "chungu kama shubiri", ile ambayo mama hupaka chuchu anapomwachisha mtoto ziwa. Katikati ya jani kuna ute mweupe, laini, usio na ladha kubwa. Ute ni wa ngozi. Unatuliza mahali palipoungua kidogo na kupazuia pasikauke. Utomvu wa manjano ni wa matumbo: una aloini, ambayo huusukuma utumbo mkubwa kwa nguvu, ukaharisha kwa msokoto na kupoteza maji na madini ya potasiamu.

Mtu anayesaga jani zima la mshubiri na ganda lake, akaweka maji, akanywa "kutibu tumbo", amekunywa dawa ya kuharisha. Akiona anaendesha mara nne, anasema sumu inatoka. Biashara nzima ya "kusafisha tumbo" imejengwa juu ya tafsiri hiyo. Sumu za mwili zinashughulikiwa na ini na figo usiku na mchana, na kinachotoka chooni siku hiyo ni chakula cha jana, maji, na madini ambayo moyo wako ulikuwa unayahitaji. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa sokoni dawa za choo zenye utomvu huo zilizokuwa zikiuzwa bila cheti cha daktari. Kwa mjamzito ni hatari zaidi. Mishubiri ya porini pia si yote sawa na ule wa kwenye kopo nyumbani. Baadhi ina sumu kali.

Choo kikiwa kigumu, kabla ya shubiri kuna ukwaju, papai bivu, bamia, mlenda na maji ya kutosha. Hizi hulainisha taratibu, wala hakuna cha kuogopa.

Ukali

Hapa ndipo jikoni na kabati la dawa vinapokutana: tangawizi, karafuu, iliki, uzile (ambao bara wanauita bizari nyembamba), shamari, mnanaa, mchaichai. Harufu na ukali wao hutoka kwenye mafuta mepesi yanayoruka, ndiyo maana ukifunika kikombe kwa kisahani dawa inakuwa nzuri zaidi kuliko ukiacha ule mvuke upotee hewani.

Mafuta haya hulegeza misuli ya utumbo. Gesi iliyonaswa kwenye kona inapata njia, mtu anateuka, tumbo linashuka. Tangawizi ina ushahidi mzuri kuliko zote, hasa kwa kichefuchefu, hata kile cha mimba changa kikitumiwa kwa kiasi cha chakula. Karafuu inatia ganzi, na madaktari wa meno bado wanatumia kemikali yake kwenye baadhi ya dawa za kuzibia.

Sasa kuna fumbo ambalo watu wengi huja nalo: "Chai ya mnanaa ilimponya dada yangu, mbona mimi inanichoma?" Dada alikuwa na gesi. Wewe una kiungulia. Kati ya umio na tumbo kuna msuli unaofunga kama koki ya bomba ili tindikali isipande juu. Mnanaa unaolegeza misuli ya utumbo unailegeza na koki hiyo. Jani lilelile, kazi ileile, matokeo kinyume. Ndiyo sababu siwezi kumjibu mtu anayeuliza "dawa ya tumbo ni ipi?" kabla hajaniambia tumbo linafanyaje. Kiswahili kina maneno ya kutosha, kuanzia kusokota, kujaa, kuunguruma na kuchoma hadi kukata na kuvimbiwa. Tuyatumie.

Utamu

Papa mkavu sokoni haozi kwa sababu chumvi imemnyonya maji, na bakteria wanaotua juu yake wananyonywa vilevile. Asali inafanya hivyo kwa sukari. Ina maji kidogo mno, ina uchachu ambao utamu umeuficha, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda hutoa polepole haidrojeni peroksaidi, ambayo wengi mmeiona ikitoa povu kwenye chupa ya duka la dawa. Katika mitishamba na dawa za jikoni zote, asali ndiyo iliyoingia hospitalini waziwazi: zipo bandeji na tyubu za asali ya tiba.

Neno "ya tiba" lina uzito. Asali ya hospitali imepigwa mionzi ili kuua mbegu za bakteria wanaoweza kujificha humo. Ya barabarani haijapigwa mionzi, na pengine nusu yake ni sukari iliyochemshwa. Mbegu hizohizo ndizo zinazofanya mtoto wa chini ya mwaka 1 asilambishwe asali kabisa, hata tone la baraka siku ya kuzaliwa. Utumbo wake bado hauwezi kuzizuia zisichipue, na sumu zinayoitoa hupoozesha misuli, hata ya kupumulia.

Sukari ya kawaida nayo ina habari yake. Moses Murandu, muuguzi aliyekulia Zimbabwe, alikumbuka baba yake akimwekea sukari kwenye majeraha utotoni. Alipofika Uingereza na kuona haitumiki, akaichunguza katika Chuo Kikuu cha Wolverhampton kwa wagonjwa wenye vidonda vilivyokuwa havijapona. Napenda kisa hiki kwa sababu hakuishia kusema "baba alijua". Alipima.

Na kuna papai. Wapishi wa mishikaki wanajua kwamba papai bichi hulainisha nyama ngumu, kwa kuwa utomvu wake unakata protini. Huko Gambia, hospitali iliwahi kutumia papai lililopondwa kwenye majeraha ya moto ya watoto ili kuondoa ngozi iliyokufa. Ni kazi ya wauguzi kwenye kidonda kikubwa. Ukijikata kidole ukiwa unamenya viazi huna ngozi iliyokufa ya kuondoa, kwa hiyo papai lile ule tu.

Kidole au jani?

Tulipokuwa wadogo, mtu akijikata shambani tulichuma kishonanguo, lile gugu ambalo mbegu zake hung'ang'ania suruali, tukayatafuna majani na kuyabandika. Damu ilikatika. Nilikuwa mtu mzima nilipojiuliza: tulibandika, kisha tukabana kwa kidole kwa muda gani? Kubana jeraha kwa dakika kumi kunakata damu ya mkato mdogo hata ukibana kwa kitambaa kitupu. Jani linaweza kuwa lilisaidia. Kidole hakika kilisaidia. Mate yetu, yenye bakteria wa kinywani, hakika hayakusaidia.

Ni hivyohivyo kwa tumbo. Kuharisha kwingi huisha kwenyewe ndani ya siku chache, na mchubuko hufunga wenyewe. Ukianza dawa siku ya tatu na kupona siku ya nne, dawa inapata sifa. Wahenga walishamtania jogoo: awike asiwike, kutakucha. Dawa ya kweli ni ile inayofanya kuche mapema, na hilo huwezi kulijua kwa kumtazama mgonjwa mmoja.

Kidonda kidogo kinahitaji maji mengi yanayotiririka na sabuni kabla ya jani lolote. Kuungua kunahitaji maji ya kawaida ya bomba, au ya kumwagiwa kwa kata, kwa dakika 20. Dawa ya meno inahisika baridi kwa sababu ya mnanaa uliomo, lakini baridi hiyo ni ya hisia. Joto limebaki chini, na daktari atalazimika kukwangua. Unga, mayai na mafuta ya taa ni hadithi ileile.

Ambavyo havina mjadala ni samadi, udongo na majivu, kwenye kidonda au kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na vinapenda mahali pasipo na hewa, kama ndani ya kidonda kilichofunikwa. Mwenye kuchomwa na msumari au mwiba mrefu anahitaji kuulizwa chanjo yake ya mwisho ilikuwa lini, na hakuna jani linalojibu swali hilo. Aliyeumwa na mbwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 kisha aende kuchanjwa siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asitibie kidonda cha mguu nyumbani hata kiwe kama punje ya mchele.

Chupa iliyokaa dirishani

Tofauti ya kweli kati ya kidonge na mzizi ni kipimo. Kidonge cha leo na cha mwezi ujao kina kiasi kilekile. Jani la kiangazi na jani la masika, la mti mchanga na la mti mzee, lililochemshwa dakika tano na lililochemshwa saa nzima, kila moja lina nguvu yake. Dawa mseto ya malaria imetokana na mmea, na mmoja wa waliofanya kazi hiyo, Tu Youyou wa China, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kutafuta namna ya kuitoa dawa kwenye jani bila kuiharibu, kisha kuipima.

Kwa hiyo dawa ya nyumbani ichemshwe leo, inywewe leo. Ile iliyotiwa kwenye chupa ya maji iliyookotwa, ikakaa dirishani wiki mbili ikianza kutoa povu, imeshageuka kitu kingine. Na ukienda hospitali, taja ulichokunywa. Vitunguu saumu vingi vya dawa, kwa mfano, vinaweza kumzidishia damu kutoka mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mhudumu akikunja uso, mwambie tu. Uso wake utakunjuka, ini lako huenda lisipate nafasi hiyo.

Nimeacha makusudi "vidonda vya tumbo", kwa sababu watu wanaviona kama kidonda cha kidole kilichohamia ndani, basi wanavimiminia asali na mwarobaini. Vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na vidonge vya maumivu kama diklofenaki na aspirini vinavyonunuliwa kama peremende. Barry Marshall wa Australia alimnywa bakteria huyo mwenyewe mwaka 1984 ili kuthibitisha madhara yake, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobel. Kuna kipimo, na kuna matibabu ya wiki mbili hivi. Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asianze na chai yoyote.

Yule mama wa kundini nilimpigia asubuhi. Alikuwa ameshakwenda zahanati, amepewa ORS na zinki, mtoto amelala. Nilimuuliza ana umri gani, swali ambalo usiku mzima hakuna aliyemuuliza. Alikuwa na miezi minane. Kati ya yale majibu 14, mawili yalikuwa na asali.